Nyumba ya Mwenye Mlingoti

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nilikuwa kijijini kwetu, upande wa Mvumi, mwendo wa kama saa moja na nusu kutoka Dodoma mjini. Nilikuwa na habari ya kumtumia mhariri kabla ya jioni. Mchana intaneti ikakata. Nikadhani bando limeisha, nikaongeza. Nikadhani ni simu, nikaizima na kuiwasha. Mwisho nikapanda kwenye kichuguu nyuma ya zizi, pale ambapo kijiji kizima kinajua ndipo mtandao unapopatikana. Nikakuta vijana watatu wamenitangulia, wote wameinua simu juu kama watu wanaoomba mvua. Baadaye tukaja kujua kwamba nyaya mbili zinazopita chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikuwa zimepata hitilafu upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia zaidi.

Niliporudi uani, mtoto wa dada yangu, ana miaka 11, akanionyesha nguzo iliyosimama kwenye kona ya ua. Siku hizi imeinama kidogo, na mama yangu amefunga hapo kamba ya kuanikia nguo.

"Ma'mdogo, si tungepandisha simu kwenye hiyo nguzo?"

Nikamwambia ile haikuwa ya simu, ilikuwa ya redio. Akacheka. "Redio nayo ina nguzo?"

Sikumcheka mimi. Kwake redio ni kitu kilichomo ndani ya simu, pamoja na tochi na kikokotoo. Ila swali lake lilinikaa kichwani, na usiku ule, kwa kuwa sikuwa na habari ya kutuma wala mtandao wa kuitumia, nikaanza kuandika haya unayoyasoma.

Historia ya redio Tanzania tumeandikiwa, na imeandikwa vizuri. Tunawajua watangazaji. Tunajua ngoma za Mzee Morris Nyunyusa zilizotangulia taarifa ya habari. Lakini yote hiyo ni historia ya upande wa anayesema. Upande wa anayesikia mara nyingi unafungwa kwa sentensi moja tu: wananchi wakasikiliza. Kana kwamba kusikiliza ni kukaa tu. Huku kwetu uwanda wa kati, kwa miaka karibu 40, kusikiliza kulikuwa kazi ya mikono. Ilibidi uchimbe shimo.

Mlingoti wa kwanza haukuwa wetu

Mlingoti wa mawasiliano uliingia katika historia ya nchi hii kwa mizinga. Tarehe 8 Agosti 1914, siku chache baada ya Uingereza na Ujerumani kuingia vitani, manowari ya Kiingereza HMS Astraea ilifika mbele ya Dar es Salaam na kukipiga kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani. Hebu fikiria: kabla ya kugusa ngome au ghala la silaha, Mwingereza alitaka kwanza kumkata mwenzake sikio na ulimi. Vita Kuu katika Afrika Mashariki ya Kijerumani ilifunguliwa hivyo, kwa kugombea mlingoti.

Kwa babu zetu huku bara, vitu hivyo vilikuwa vya wakubwa. Reli ya kati ilipita Dodoma ikafika Kigoma mwaka huohuo wa 1914, na simu ya waya ikaenda nayo. Habari zilipita juu ya vichwa vya Wagogo kuelekea magharibi na kurudi. Hakuna aliyeteremka nazo stesheni.

Babu yangu mzaa baba aliushika mlingoti wa redio kwa mara ya kwanza Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha pale mradi mkubwa wa karanga, wakitaka mafuta ya kula kwa ajili ya nchi yao iliyokuwa bado kwenye mgao wa chakula baada ya vita. Wakaja na matrekta, mengine yametokana na vifaru vya jeshi. Hawakumuuliza Mgogo yeyote kuhusu mvua. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa kama saruji, na mvua ikikataa, imekataa. Mwaka 1951 mradi ulifungwa, ukiwa umemeza kiasi cha pauni milioni 36. Babu alikuwa kijana wa miaka 17 alipoajiriwa kibarua huko. Siku moja waliitwa vibarua wanne kushika kamba wakati fundi wa Kizungu akisimamisha nguzo ya redio ya kambini. Babu akashika kamba yake, na akatazama. Karanga hazikuota, lakini yeye aliondoka Kongwa anajua kusimamisha mlingoti.

Mwaka uleule wa 1951, Dar es Salaam, kilianza kituo kidogo cha majaribio kilichoitwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 kikawa shirika la utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 kikawa Redio Tanzania. Vituo vilikua haraka kuliko masikio. Redio za zamani zilikuwa masanduku mazito ya kutumia betri kubwa za bei mbaya. Huko Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, mwaka 1949 walikuwa wamejaribu redio ya mwananchi wa kawaida, Saucepan Special, iliyoundwa ndani ya sufuria ya alumini na kuuzwa pauni 5. Hata hiyo ilihitaji waya wa nje. Mabadiliko makubwa yalikuja na transista, redio ndogo zilizokula betri kidogo. Miaka ya 1960 kampuni ya Kijapani ya Matsushita ilianza kutengeneza redio na betri za National hapahapa Dar es Salaam. Babu aliuza ng'ombe wawili, akanunua National yake. Bibi, mpaka anafariki, hakuacha kuwataja wale ng'ombe kwa majina yao.

Kuchimba shimo kwenye ardhi ya Dodoma

Sasa mbona redio yenye antena yake ya kuchomoa ihitaji nguzo uani?

Dodoma iko juu, mita kama 1,100 kutoka usawa wa bahari, na kwa mstari ulionyooka iko karibu kilomita 400 kutoka Dar es Salaam. Mawimbi ya masafa ya kati mchana husafiri yakishika ardhi, na ardhi kavu ya uwanda wa kati huyanyonya nguvu mapema. Kabla ya mitambo ya mikoani kujengwa, Dodoma ikiwemo, mchana Dar es Salaam haikufika kwetu kwa njia hiyo, labda usiku, ikiwa imechanganyika na nchi za watu. Tegemeo lilikuwa masafa mafupi. Haya hupanda juu, yakagonga tabaka la anga lenye chaji ya umeme, kati ya kilomita 100 na 400 kutoka ardhini, yakarudi chini kama mpira. Wengi wa rika la baba yangu wanaikumbuka namba bila kufikiri: kilohezi 5050, mkanda wa mita 60.

Kinachorudi kutoka juu kimechoka. Antena ya kuchomoa ya futi tatu hukidaka kidogo, kikawa kinakuja na kuondoka. Waya mrefu hukidaka zaidi. Kwa mkanda ule, waya unaoingiliana vizuri na wimbi ni wa nusu ya urefu wake, yaani karibu mita 30. Babu hakuwa na hesabu hiyo. Alikuwa na mbuyu. Ulisimama hatua 30 hivi kutoka mlangoni, na mbuyu ni mlingoti wa bure: haupeperuki, na mchwa hawauwezi. Kilichobaki ni nguzo ya upande wa pili.

Alipata mkaratusi ulionyooka, urefu wa kama mita 7. Namna alivyousimamisha naijua vizuri, kwa sababu mwaka 2000 ulioza, na mimi nilikuwepo akisimamisha wa pili.

Jioni ya kwanza hatukuchimba. Tulimwaga ndoo mbili za maji mahali pa shimo, tukaenda kulala. Ukichimba ardhi ya Dodoma ikiwa kavu unapoteza mpini wa sururu. Asubuhi shimo likachimbwa mpaka kiunoni kwa mtu mzima. Kitako cha nguzo kikapakwa oili chafu ya gari, mara tatu, kwa ajili ya mchwa. Juu, kabla ya kuinua, zikafungwa kamba tatu za katani kwenye theluthi mbili ya urefu, na kikapigiliwa kigurudumu kidogo cha kupitishia kamba ya waya. "Kitu cha juu funga kikiwa chini," alikuwa anasema. Halafu wanaume wawili wakakanyaga kitako kisiteleze, wengine wakainua kwa miti yenye panda, kidogo kidogo, na watoto tukapewa kamba tuzishike pande tatu. Ikisimama, mawe yanaingia kwanza, udongo baadaye, na kila tabaka linashindiliwa.

Waya wenyewe ulikuwa wa shaba, umefumuliwa kwenye mota iliyoungua. Kila mwisho ulifungwa kwenye shingo la chupa ya soda, kwa sababu waya ukigusa mti uliolowa, sauti inakimbilia mtini. Upande wa mbuyu haukufungwa moja kwa moja. Ulipitishiwa kamba juu ya tawi, na mwisho wa kamba likaning'inia jiwe. Upepo wa Julai ukivuma, tawi likiyumba, jiwe linapanda na kushuka, waya haukatiki. Ukiuliza kwa nini hatukuifunga tu, jibu la babu lilikuwa kwamba upepo wa Dodoma hauzuiwi, unapewa nafasi.

Kulikuwa na waya wa pili ambao wageni hawakuuona, wa ardhini. Kipande cha nondo kilipigiliwa karibu na bafu la makuti, pale maji ya kuoga yanapomwagika. Ardhi kavu haipokei umeme vizuri, hivyo babu aliiweka nondo yake mahali penye unyevu mwaka mzima. Kuanzia Novemba, mvua za radi zikianza, antena ilichomolewa kwenye redio na kuning'inizwa kwenye nondo hiyo, nje. Hakuna aliyeruhusiwa kusikiliza redio wingu likiwa jeusi. Hata mpira wa Simba na Yanga.

Jambo moja nililijua nikiwa mtu mzima, na lilinishangaza: kwa masafa mafupi ya karibu, urefu wa nguzo haukuwa na maana kubwa kama tulivyodhani. Wimbi linateremka kutoka juu ya kichwa, kwa hiyo waya wa mita 4 ungetosha. Babu angeweza kuufunga pembeni mwa tembe lake, nyumba yetu ya asili ya Kigogo yenye paa bapa la udongo ambalo mtu mrefu analigusa kwa mkono. Lakini nguzo fupi isingeonekana kutoka barabarani. Na nguzo ilikuwa inaonekana. Watu walielekezana kwayo: ukifika kwenye mbuyu, uliza kwa mwenye mlingoti.

Baadaye, miaka ya 1980, babu aliezeka bati, na hapo waya ukawa si anasa tena. Chini ya paa la udongo redio ilikuwa inasikika hata bila msaada. Chini ya bati ikawa kama imefungiwa ndani ya debe.

Waya hauchagui

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie kidogo.

Kuanzia uhuru mpaka Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993, Tanzania Bara ilikuwa na redio moja, ya serikali. Tunapokumbuka enzi hiyo tunasema watu walikuwa na redio moja tu. Si kweli, walau kwa mwenye mlingoti. Serikali ilihodhi kusema. Haikuweza kuhodhi kusikia. Waya uliofungwa kwenye mbuyu kwa ajili ya Dar es Salaam ulidaka kila kilichopita angani, na Kiswahili kilikuwa kinapita kingi. Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, ikiwasema wakoloni kwa lugha ambayo watumishi wao wa nyumbani waliielewa. London, yaani BBC, ilianza Juni 1957. Beijing 1961. Ujerumani, kupitia Deutsche Welle, 1963.

Babu alikuwa mwana-TANU, baadaye CCM, kadi zote mbili tumezikuta sandukuni. Hakuwa mpinzani wa mtu. Ila saa ya taarifa ya habari alisikiliza Dar es Salaam, halafu akageuza kinobu taratibu mpaka London, halafu Ujerumani. Alikuwa na daftari la shule ambalo ameandika saa, namba za masafa, na jina la kituo. Pembeni aliweka alama: vema moja kama kituo kimesikika, mbili kama kimesikika vizuri. Baba anasema wakati wa vita vya Kagera, 1978 na 1979, ua ulijaa watu kila jioni, na babu alikuwa anawasikilizisha vituo viwili vitatu mfululizo bila kusema neno. Watu walijilinganishia wenyewe, kisha wakanywa gongo wakabishana.

Watawala wengine walilijua jambo hili mapema kuliko sisi. Kongwa ileile ya karanga, kuanzia mwaka 1964, ilikuwa na kambi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika: FRELIMO, ANC, SWAPO, MPLA. Redio Tanzania iliwapa vyama hivyo muda wa kutangaza kwao, na huko kwao, Johannesburg na Durban, kulikuwa na watu waliosikiliza Dar es Salaam kwa siri, kwenye masafa mafupi, kwa waya kama wa babu. Serikali ya makaburu ilijibu kwa akili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilijenga mtandao mkubwa wa FM, ikaanzisha Radio Bantu kwa lugha za wenyeji, na kuhimiza redio za bei nafuu zinazoshika FM peke yake. Ubora wa sauti ulikuwa mzuri kweli. Lakini wimbi la FM huenda moja kwa moja kama mwanga na kuishia jirani. Aliyenunua redio ile alipata muziki safi na akaipoteza Dar es Salaam.

Kwa hiyo nikisoma kwamba huku kwetu watu "walielimishwa kwa redio", huwa najiuliza ilikuwaje pale chini. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Kiasi cha watu milioni 2 walijiunga na makundi ya kusikiliza, na viongozi wa makundi kama 75,000 walipewa mafunzo. Kila kundi lilikutana kwa wiki 12: linasikiliza kipindi, linasoma kijitabu, linajadili, linaamua. Kundi la kijiji chetu lilikutana chini ya waya wa babu. Kijiji kilikuwa na miaka miwili tu, kimezaliwa na Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971, iliyowatoa watu kwenye matembe yao yaliyotawanyika na kuwapanga kwenye vijiji vya ujamaa. Wengi hawakuhama kwa furaha. Walikuwa majirani bila kujuana, na baadhi walikuwa na hasira. Bibi alisema mazungumzo ya kwanza ya maana kati ya watu wa mstari wa juu na wa mstari wa chini yalihusu choo. Nani achimbe, wapi, kina gani, kwenye ardhi ile ile inayovunja mipini. Wakaamua kumwaga maji jioni na kuchimba asubuhi, kama kwa mlingoti.

Juni 2002

Sikupanga kuandika sehemu hii. Lakini nilipolifungua daftari la babu usiku ule wa Mei, lilifunguka penyewe kwenye ukurasa wake.

Alfajiri ya Jumatatu, tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilishindwa kupanda mlima baada ya stesheni ya Msagali, ikielekea Igandu. Ikaanza kurudi nyuma, ikashika kasi, ikagongana na treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake. Walikufa watu 281. Ni moja ya ajali mbaya kabisa za reli zilizowahi kutokea Afrika.

Shangazi yangu, binti wa pekee wa babu, alikuwa ameandika barua kwamba mwisho wa Juni atakuja kwa treni. Hakutaja siku. Simu kijijini haikuwepo.

Tulisikia kwa redio. Nilikuwa na miaka 12, nakumbuka ngoma za taarifa ya habari na namna bibi alivyoacha kupepeta. Baba na baba mdogo wakaondoka kwa baiskeli kwenda kutafuta gari la Dodoma, wamtafute hospitalini. Babu alikuwa na zaidi ya miaka 70, miguu haikumruhusu. Akabaki na redio. Kabla ya kukaa alizunguka nguzo, akazikaza kamba zote tatu, akaenda mpaka kwenye mbuyu kutazama jiwe. Nilimfuata nyuma. Hakuniambia kitu.

Siku nne alikaa pale. Tuliletewa ugali wa uwele na mlenda palepale chini ya waya. Majirani walikuja wakakaa, wengine nao walikuwa na watu wao njiani. Kila taarifa idadi ilikuwa inapanda. Alisikiliza Dar es Salaam, kisha London, kisha Ujerumani, kisha Dar es Salaam tena, si kwa kutoamini, nadhani, bali kwa sababu mwenye mgonjwa huuliza kwa kila anayepita. Vikija vipindi vya matangazo ya vifo aliinua mkono, na ua wote ulinyamaza, hata watoto wachanga. Tulikuwa tunasikiliza jina lisisemwe. Mtangazaji akimaliza, babu anashusha mkono, watu wanapumua. Jirani mmoja, siku ya pili, mkono wa babu ukiwa bado juu, alisikia jina la ndugu yake. Alisimama taratibu, akaaga kwa heshima, akaenda kwake. Kilio tulikisikia akiwa ameshafika.

Baba alirudi siku ya tatu. Hakumkuta shangazi kwa majeruhi wala kwa maiti aliowaona. Alisema hivyo na akaenda kulala.

Siku ya nne jioni shangazi alishuka kwenye basi barabarani, begi kichwani. Hakuwa amepanda treni ile. Alikuwa bado Dar es Salaam, akasikia ajali, akaahirisha, akatafuta nauli ya basi. Alipoona ua umejaa watu alidhani kuna msiba, akaanza kulia kabla hajafika. Ikabidi sisi ndio tumbembeleze.

Kwenye daftari, kuanzia tarehe 24 mpaka 27, kuna saa tupu, moja chini ya nyingine, saa mbili asubuhi, saa saba, saa kumi, saa mbili usiku, kila moja na vema yake. Hakuna maelezo yoyote. Mstari wa mwisho kaandika neno moja: Amefika.

Baada ya hapo

Milingoti haikutoweka ghafla. Kwanza ilirefuka. Redio za binafsi zilianza mwaka 1994 na Radio One, televisheni za Bara nazo zikaja, na mawimbi yao yakahitaji urefu kweli, kwa kuwa yanaenda moja kwa moja na kuzuiwa na kilima. Dodoma mjini kukaota mabomba ya chuma yaliyounganishwa mawili mawili, juu yake antena kama mfupa wa samaki. Mwanzoni mwa 2013 analojia ikazimwa, tukanunua ving'amuzi. Madishi yakashuka mpaka ukutani. Kisha simu.

Sitaki kudanganya kwamba zamani kulikuwa bora. Ningekuwa na simu Juni 2002, babu asingekaa siku nne na mkono juu. Ninachokiona ni kitu kingine. Nafanya kazi ya habari, na najua namna simu yangu inavyoniletea ninachopenda, kutoka kwa watu wanaofikiri kama mimi, bila mimi kuinuka. Babu hakuwa msomi. Lakini kila jioni aligeuza kinobu kwa mkono wake kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, na aliandika. Redio mbao, yaani uvumi, ilikuwepo wakati wake pia, tena nyingi. Ilipofika uani kwake ilikuta watu wameshasikia matoleo matatu.

Babu alifariki mwaka 2009. Nguzo ya pili ndiyo iliyobaki.

Jumatatu jioni, intaneti ikiwa bado inasuasua, mimi na mtoto wa dada tulitafuta waya. Wa shaba uliuzwa zamani kwa wanunuzi wa chuma chakavu, tukatumia wa umeme uliobaki kwenye ujenzi, na badala ya shingo za chupa tukakata ndala ya zamani. Akapanda yeye, mimi nikashika ngazi na kumpigia kelele. Redio tuliazima kwa jirani. Mwanzoni ilikuwa mvumo mtupu. Nikakumbuka, nikaenda kuzima chaja ya sola ya dada, na anga likafunguka.

Tukapita Kiarabu, tukapita Kichina, tukapita lugha ambazo sote hatuzijui. Halafu kwa mbali, ikija na kuondoka kama mtu anayeongea akitembea, sauti ya Kiswahili. Mtoto akashika mkono wangu nisiguse kinobu.

Nikampa daftari na kalamu. Akauliza aandike nini. Nikamwambia saa, namba, na kama imesikika.

Aliweka vema moja. Mimi ningeweka mbili, lakini daftari lilikuwa mkononi mwake.